Kinachoingia kwa Macho Kitoke kwa Mikono

Hotuba kwa wahitimu wa ufundi, Tanga

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wangu, wazazi na walezi mliofunga maduka na kuacha mashamba kuja hapa leo, na ninyi wahitimu wenye siku yenu: Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za asubuhi?

Nimeombwa nizungumze juu ya mitandao ya kijamii na kazi. Wengi mnanifahamu: mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, karakana yangu iko Ngamiani, na wateja wangu ni akina mama wauza samaki na juisi, wenye mabucha, na siku hizi nyumba za wageni. Ufundi nilio nao, nusu niliupata kwenye madarasa haya. Nusu ya pili niliupata kwenye simu. Leo nawaeleza hiyo nusu ya pili ilivyopatikana, kwa sababu kila mmoja wenu ana simu mfukoni, na anaondoka hapa leo kwenda mahali ambapo hakuna kengele ya darasa wala mwalimu wa zamu.

Hapa mezani nimekuja na kompresa la jokofu, ile pampu inayozungusha gesi ya kupoza, na mita ya kupimia umeme. Viacheni kwanza, tutavifikia.

Nilikuwa na miezi saba tangu nipokee cheti kama hiki mtakachopokea. Jioni moja akanipigia mama mmoja anayenunua samaki pale Deep Sea na kuwauza mtaani. Friza imegoma. Nilipofika nikakuta nguru na changu wamejaa hadi juu, na barafu ya pembeni imeshaanza kulainika. Nikachomeka. Kompresa likanguruma sekunde chache, likasema "tik", likanyamaza. Baada ya muda tena: mngurumo, tik, kimya. Nikamwita fundi aliyenitangulia kazini, akasikiliza, akasema kompresa limekufa, mama anunue jipya. Bei ya kompresa jipya ilikuwa karibu sawa na mtaji wote wa yule mama. Alikaa juu ya ndoo akaniuliza, "Mwanangu, hakuna njia nyingine?" Sikuwa na jibu. Tukahamishia samaki kwa jirani, nikarudi nyumbani na aibu yangu.

Usiku ule nikaweka bando, nikaingia YouTube, nikaandika maneno machache ya Kiingereza niliyoyakumbuka kutoka darasani. Ikaja video ya fundi wa India. Aliongea Kihindi mwanzo mpaka mwisho, sikuambulia neno. Lakini mikono yake niliielewa. Ubavuni mwa kompresa alichomoa relei, inayoliwasha, na ovalodi, inayokata umeme likizidiwa, zikabaki pini tatu. Akapima ya kwanza na ya pili. Akapima ya pili na ya tatu. Akapima ya kwanza na ya tatu. Kila mara aliandika ukutani kwa chaki namba iliyosomwa na mita, yaani omu, kipimo cha ukinzani wa waya: 14, 26, 40. Halafu akachora mstari kuunganisha 14 na 26, akaelekeza kidole kwenye 40.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho mwalimu wangu alikichora ubaoni na mimi nikakinakili daftarini bila kukielewa. Ndani ya kompresa kuna koili mbili, yaani nyaya zilizozungushwa za mota, ya kuwashia na ya kuendeshea, na zote mbili zimekutana kwenye pini moja. Ukipima kupitia zote mbili kwa mpigo, lazima upate jumla yao.

Ilikuwa saa tano usiku. Nikatoka uani, nikavuta kompresa bovu lililokuwa chini ya turubai, nikapima kwa mwanga wa simu. Namba zangu hazikuwa 14, 26 na 40. Jozi moja tu ya pini ilitoa namba, kwenye nyingine mbili mita haikusoma kitu: koili moja ilikuwa imekatika. Nikatafuta lingine. La pili lile, zile mbili ndogo zilipojumlishwa zikatoa ile kubwa. Nikapima mara nne, mara tano. Sikulala vizuri kwa furaha.

Asubuhi nilikuwa kwa yule mama kabla hajaswali. Nikachomoa umeme, nikapima. Koili zote nzima, hakuna pini inayogusana na bodi, lile ganda la chuma. Kompresa lilikuwa hai. Kilichokufa ni relei. Nilipoitikisa karibu na sikio ililia kama kayamba. Relei mpya haikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya kompresa. Friza ikawaka, na yule mama ni mteja wangu hadi leo.

Sasa sikilizeni kwa makini. Kabla ya usiku ule nilikuwa nimeshatazama video nyingi za ufundi. Nilizipenda, nikazihifadhi, nikazituma kwenye grupu letu la WhatsApp na alama za kupiga makofi. Hakuna hata moja iliyonibakia. Hii moja imebaki mpaka leo kwa sababu niliinuka nikaenda uani. Ningebaki kitandani nikafungua video ya pili na ya tatu, asubuhi ningekuwa nimerudi nilikoanzia.

Na hili si la kwangu peke yangu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi. Kundi moja lilisoma makala, kisha likairudia kuisoma. Kundi la pili lilisoma mara moja, kisha likafunika karatasi na kuandika yote linayoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliofunika na kujikumbusha walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Kutazama tena na tena kunakupa hisia ya kujua. Mtihani ni pale unapofunika simu na kufanya.

Mkitaka ushahidi mkubwa kuliko friza ya samaki, vukeni mpaka tu hapo Horohoro muingie Kenya. Julius Yego ni kijana wa Nandi, nchi ya wakimbiaji, lakini yeye alipenda kurusha mkuki. Kocha wa mkuki hakumpata. Akawa anakwenda intaneti kafe kutazama YouTube, anamwangalia Jan Železný wa Ucheki, ambaye rekodi yake ya dunia ya mita 98.48 aliiweka mwaka 1996, na Andreas Thorkildsen wa Norwei. Anatazama mguu unavyotua, bega linavyobaki nyuma, halafu anakwenda uwanjani kurusha. Mwaka 2011 alichukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Maputo. Mwaka 2015, Beijing, alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Mwaka 2016 akapata fedha ya Olimpiki kule Rio. Watu wakampa jina la Bwana YouTube.

Jina hilo ni zuri, ila linaficha mambo mawili. La kwanza ni maelfu ya mirusho ambayo hakuna kamera iliyoipiga. La pili ni kwamba alipopata nafasi ya kwenda Kuortane, Finland, kufundishwa na kocha, alikwenda. Hakusema, "Mimi nina video, kocha wa nini?" Video haiwezi kukuambia kwamba kiwiko chako kimeshuka. Video haikuoni.

Na kwa sababu haikuoni, inaweza kukuumiza. Mwaka uliofuata niliitengeneza jokofu ndogo ya nyumbani iliyovuja gesi. Nilikuwa nimetazama video asubuhi ile ile: fundi anawasha moto wa kuchomelea, anaupeleka kwenye bomba la shaba, bomba linaachia. Nikafanya vilevile. Moto ukaruka kutoka kwenye bomba hadi usoni. Uliunguza nyusi zangu na ukingo wa mtandio. Mungu alinilinda macho. Kwenye kibandiko cha kompresa ilikuwa imeandikwa R600a pamoja na alama ya mwali. R600a ni isobutani, jamaa wa gesi yetu ya kupikia. Yule wa kwenye video alikuwa na jokofu la zamani lenye R134a, ambayo haishiki moto namna ile. Hakusema ni gesi gani, na mimi sikuuliza. Mfumo wa R600a unaufungulia mahali penye hewa, gesi yote itoke, bomba unalikata kwa kikatio na si kwa moto.

Mwalimu wangu, upo hapo mstari wa mbele. Unakumbuka nilivyokupigia jioni ile natetemeka. Hukunifokea. Ulisema, "Njoo kesho na hilo jokofu." Wahitimu, namba za walimu wenu msizifute. Mimi leo nikiona mbinu mpya mtandaoni, natafuta kwanza karatasi ya mtengenezaji wa mashine, nasoma maoni ya mafundi chini ya video, maana mafundi wakiona hatari hawanyamazi, halafu nampigia mtu aliyewahi kuifanya. Hayo yakikubaliana ndipo nashika spana.

Niseme kidogo kuhusu kuperuzi. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho. Ukifika chini unabonyeza kwenda mbele, na pale kidole kikisita akili inapata nafasi ya kusema inatosha. Mwaka 2006 Mmarekani Aza Raskin akabuni ukurasa usioisha, unaojijaza wenyewe kadiri unavyoshuka. Baadaye alijutia hadharani namna ubunifu huo ulivyotumika kuwashika watu. Kwa hiyo ukijikuta saa nane za usiku bado unasogeza kidole, usijione dhaifu peke yako. Kitu chenyewe kimetengenezwa kisiwe na mwisho. Mwisho inabidi uulete wewe.

Mimi naingia na swali. Naliandika kwenye karatasi kabla ya kuwasha data: "Kwa nini kiyoyozi kinadondosha maji ndani?" Nikipata jibu natoka kwenda kulijaribu. Na kuna faida nyingine: mitandao inakuletea zaidi ya kile unachokaa nacho. Nilipoanza kutafuta habari za majokofu kila siku, baada ya wiki kadhaa simu yenyewe ikaanza kuniletea mafundi wa Cairo, wa Lagos, wa Manila. Ugomvi wa wasanii ukapungua wenyewe. Na bando mnajua bei yake. Pakua video ukiwa mahali penye intaneti ya bure, itazame kwa kasi ya nusu, isimamishe pale mkono unapogeuka.

Nakuja kwenye jambo ambalo vijana wengi wa ufundi hawalifanyi kabisa: kuonyesha kazi.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya kuwauliza watu wa eneo la Boston waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu: mtu huyo mlikuwa mkionana mara ngapi? Ungetegemea waseme ndugu, rafiki wa kila siku. Zaidi ya asilimia 80 walisema ni mtu wa kuonana naye mara moja moja, au kwa nadra. Mwaka 2022 watafiti wakachapisha uchunguzi wa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa watu wa kazi, uliochukua miaka mitano, nao wakakuta kwamba waliowasaidia watu zaidi kuhamia kazi mpya ni wale wanaofahamiana nao kwa kiasi tu, si wa ndani kabisa. Ukikaa ukafikiri utaona mantiki yake. Ndugu yako anajua nafasi zile zile unazozijua wewe. Mnakaa kijiwe kimoja, mnasikia habari moja. Aliye mbali kidogo ndiye anayejua mlango usiouona.

Mimi mlango wangu ulifunguka kwa picha tatu. Nilikuwa nimesafisha kiyoyozi cha duka la dawa. Nikapiga picha kabla, vumbi limekaa kwenye mapezi kama sufi. Nikapiga wakati wa kuosha, maji meusi kwenye ndoo. Nikapiga baada. Chini yake nikaandika sentensi nne: mteja alilalamika nini, nimekuta nini, nimefanya nini, na kwa nini bili ya umeme ilikuwa imepanda. Nikaweka stetasi. Dada mmoja niliyesoma naye sekondari, ambaye hatukuwa tumeongea kwa miaka, akaipeleka kwa bosi wake. Bosi wake ana nyumba ya wageni Pangani yenye viyoyozi 18. Nilipofika Pangani yule bwana aliniambia hakuitwa na ile picha ya kiyoyozi kinachong'aa, maana kila mtu anaposti kinachong'aa. Aliitwa na sentensi ya nne. Alisema, "Nimemwona mtu anayejua sababu."

Kwa hiyo msiposti tu "kazi imekamilika" na alama ya moto pembeni. Andika sababu. Kama umeshona, eleza kwa nini bega lilikuwa linavuta na umelilegeza vipi. Kama umechomelea, onyesha mshono kwa karibu na useme fito gani umetumia. Na siku uliyokosea, ukaligundua kosa na kulirekebisha, hiyo nayo iposti, mteja atakuamini zaidi. Mteja naye muombe ruhusa. Geti la mtu, namba ya gari la mtu, sura ya mtoto wake, si vyako vya kuonyesha.

Mnaotafuta ajira kwenye viwanda, bandari na hoteli kubwa, fungueni pia LinkedIn. Wengi mnaiona ni ya watu wa tai. Waajiri wako kule, na fundi mwenye picha za kazi na maelezo yake anaonekana haraka kuliko mwenye cheti kitupu. Jina lako kamili, fani yako, mji wako, kazi tano ulizofanya. Inatosha kuanzia.

Lakini mlango ukiwa wazi huingia na mwizi. Mtaletewa ujumbe wa kazi za Ughaibuni, mshahara mnono, na fomu ya kulipia leo kabla ya saa sita. Mwajiri wa kweli halipwi na anayeajiriwa ili ampe usaili. Wakala halali ana leseni ya serikali, ana ofisi ya kuiendea kwa miguu, na swali lako halimkasirishi. Akikuharakisha, mkimbie. Kuna vijana wa mtaani kwetu waliouza pikipiki kwa ajili ya "viza" ambayo haikuwahi kuwepo. Nilikaa na mama wa mmoja wao. Sitaki kukaa na wa kwenu.

Na ninyi mabinti zangu mliosoma umeme, magari, uchomeleaji. Siku mtakayoweka picha umeshika spana, watakuja inboksi watu ambao haja yao si kazi. Niliyapata, najua yanavyochosha. Usijibu, piga picha ya ujumbe, uhifadhi, mzuie. Unyanyasaji wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ushahidi wako ni hizo picha. Ninachowaomba ni kwamba msifute kazi zenu kwa sababu yao. Nilipokuwa nasoma sikumwona hata mwanamke mmoja akifungua kompresa. Kuna msichana Korogwe au Muheza sasa hivi anatafuta kumwona mmoja tu.

Jambo ninalolibeba moyoni kuliko yote ni lugha. Usiku ule nilifundishwa kwa Kihindi. Baadaye nilijifunza kwa Kiarabu, kwa Kiingereza, kwa Kihispania, kila mara nikisoma mikono kwa sababu maneno yalinipita. Kiswahili nilikikuta mara chache sana. Sisi tunaweza kulieleza jambo hili kwa maneno ambayo mama wa samaki atayaelewa. Salman Khan, aliyeanzisha Khan Academy, shule ya bure ya mtandaoni, alianza mwaka 2004 kwa kumsaidia binamu yake hesabu kwa mbali, na video zikafuata mwaka 2006. Alianza na mtu mmoja. Wewe anza na mdogo wako, na mwanagenzi wako, na voisi ya dakika mbili kwenye grupu la mafundi. Ukishindwa kulieleza kwa Kiswahili chepesi, umegundua mahali ambapo wewe mwenyewe hujaelewa. Mimi bado nagundua mahali hapo kila wiki.

Sasa tuje mezani. Kompresa hili limetoka kwenye jokofu lililoletwa karakana juzi. Mwenyewe aliambiwa limekufa, na mimi sijalipima makusudi, ili tulipime hapa. Relei nimeshaichomoa, umeme haupo, ni salama. Pini ni hizi tatu. Mita nimeiweka kwenye omu. Naomba mhitimu mmoja aje apime, mwingine ashike simu arekodi, na wa tatu atueleze kwa Kiswahili tunachokiona, kwa sauti, mpaka wazazi wa nyuma kule wasikie. Namba tutaziandika kwenye ubao huu.

Wewe binti wa pili kutoka mwisho, uliyekuwa unanukuu tangu nianze. Njoo, mwanangu. Shika mita.